Globu za taa kubwa kwa gari lililokula chumvi

Ukiingia katika duka la spea Ngamiani, jijini Tanga, ukaomba globu ya taa kubwa, aghalabu utawekewa mezani aina tatu: ya kawaida yenye kioo kisicho na rangi, ya pili iliyopakwa rangi ya buluu na kuandikwa kwamba inatoa mwanga mweupe, na ya tatu ya LED yenye feni ndogo kisogoni. Bei hupanda kwa mpangilio huohuo, na mwenye gari la miaka ya tisini, ambaye kwa miezi kadhaa amekuwa akiendesha usiku kwa kukisia, huamini kwa urahisi kwamba kadiri atakavyolipa zaidi ndivyo atakavyoona mbali zaidi. Makala haya yanaeleza kwa nini mara nyingi sivyo ilivyo, na kwa nini, kwa magari yetu mengi ya zamani, globu ya kwanza kati ya zile tatu ndiyo inayostahili kununuliwa, mradi njia ya umeme na nyumba ya taa, yaani gamba lenye kioo linaloibeba globu, vimetazamwa kwanza.

Ninalichukulia jambo hili kwa uzito kwa sababu ya barabara tunazopita. Kutoka mjini hadi Pongwe na kuendelea kuelekea Muheza, giza linapoingia na alfajiri, barabara ina waendesha baiskeli wengi wasio na taa wala kiakisi mwanga nyuma, na baadhi yao wamefunga magunia ya mkaa au mizigo ya kuni iliyotokeza pande zote mbili. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 kwa sekunde moja. Dereva ambaye taa zake zinamwonyesha mtu huyo akiwa umbali wa mita 40 amebakiwa na muda usiofika sekunde mbili, na katika muda huo anapaswa kutambua, kuamua na kukanyaga breki.

Jambo la kwanza kulijua ni namba. Kila tundu la taa kubwa limetengenezwa kwa ajili ya aina moja tu ya globu, na aina hiyo ina jina fupi linaloandikwa kwenye kitako cha globu, na mara nyingi kwenye taa yenyewe pia: H1, H4, H7, H11, HB3, HB4. Majina haya hayakutungwa kwa ajili ya matangazo. Yamo katika Kanuni Namba 37 ya Umoja wa Mataifa inayohusu globu za magari, na kila jina hubeba vipimo vyake: umbo la kitako, idadi ya miguu, wati, kiasi cha mwanga, na umbali kamili kati ya kitako na filamenti, yaani kile kiwaya kilichojikunja kinachotoa mwanga. H1, iliyoanza kutumika Ulaya mwaka 1962, ilikuwa globu ya kwanza ya halojeni, yaani yenye kiwaya ndani ya gesi ya halojeni, kwenye magari. H4 ilifuata mwaka 1971 na ndiyo inayopatikana katika magari mengi ya Kijapani ya zamani yaliyojaa mitaani kwetu. H4 ina miguu mitatu na filamenti mbili, moja ya wati 60 kwa ajili ya fulu (mwanga wa mbali) na nyingine ya wati 55 kwa ajili ya dimu (mwanga ulioinamishwa), na ndiyo maana kwenye kikasha huandikwa 60/55W.

Nenda dukani ukiwa umeshika globu iliyoungua, au umepiga picha ya maandishi ya kitako chake. Usimtajie muuzaji aina ya gari peke yake, kwa kuwa gari la jina moja na mwaka mmoja linaweza kuwa na taa tofauti kulingana na soko lililokusudiwa. Wala usikubali globu iliyokwanguliwa masikio ya kitako chake ili iingie mahali pasipo pake. Nimeona HB3 ya wati 60 ikikatwa kwa kisu ili ikae kwenye tundu la HB4, ambayo ni ya wati 51. Globu huwaka, lakini taa haikutengenezwa kwa moto ule.

Ili kuelewa ni kwa nini namba ina uzito huu, shika globu ya H4 kwa kitako chake uinue kwenye mwanga wa dirisha. Ndani utaona viwaya viwili vilivyosokotwa kama springi ya kalamu, kila kimoja kikiwa na urefu wa milimita chache tu. Kilicho karibu na kitako ni cha fulu. Cha mbele ni cha dimu, na chini yake kuna kikombe cha chuma kinachofanana na kijiko kidogo. Kikombe hicho ndicho moyo wa taa nzima, kwa kuwa huzuia mwanga usiende chini, ukabaki ule unaopanda na kugonga nusu ya juu ya riflekta (bakuli linalong'aa nyuma ya globu), ambayo huurudisha ukiwa umeinama kuelekea barabarani. Mstari unaouona ukutani usiku, juu kukiwa giza na chini kukiwa na mwanga, hutokana na ukingo wa kijiko kile. Riflekta nayo imekunjwa kwa hesabu inayodhani kwamba kiwaya kipo mahali fulani hasa, na kosa la nusu milimita linatosha kuupeleka mwanga machoni pa dereva anayekuja badala ya kuupeleka barabarani. Globu mbovu ya bei ya kutupa, ambayo kiwaya chake kimekaa upande, inaweza kuwa na wati zilezile na bado ikakunyima barabara. Kabla ya kulipa, zungusha globu uone kama viwaya vimenyooka, na utafute alama ya herufi E ndani ya duara pamoja na namba ya nchi iliyotoa kibali: E1 ni Ujerumani, E4 Uholanzi, E11 Uingereza, E43 Japani. Alama inaweza kughushiwa, ila pale inapokosekana kabisa huna haja ya kuendelea kuuliza.

Sasa tufafanue maneno matatu yanayochanganywa sana kwenye vikasha. Wati ni kiasi cha umeme ambacho globu inakunywa. Lumeni ni kiasi cha mwanga inachotoa. H4 halali hutoa lumeni 1,650 kwa fulu na 1,000 kwa dimu inapopimwa kwa volti 13.2, na kanuni inaruhusu kupanda au kushuka kidogo tu kutoka hapo. Kelvini haipimi nguvu ya mwanga hata kidogo. Hupima rangi yake: halojeni ya kawaida ipo karibu na kelvini 3,200, yenye umanjano kidogo, na namba inapopanda mwanga huelekea weupe na kisha ubuluu. Anayenunua globu ya kelvini 5,000 akidhani ameongeza mwanga amenunua rangi.

Na rangi ile ina gharama. Kiwaya cha halojeni hutoa mwanga mwingi wa upande wa manjano na wekundu, na kidogo wa buluu. Ili mwanga uonekane mweupe, kiwanda hupaka kioo rangi ya buluu inayomeza sehemu ya ule mwanga wa manjano. Kinachofika barabarani kimepungua. Wengine hufidia upungufu huo kwa kukichemsha kiwaya zaidi, na kiwaya kilichochemshwa huisha mapema. Mwanga wenye ubuluu pia huwasumbua zaidi wanaokutana nao, jambo ambalo yeyote aliyewahi kupishana na gari la namna hiyo kwenye kona za Soni wakati wa ukungu atalithibitisha. Wazee wetu wanazikumbuka Peugeot zilizokuja na taa za njano, kwa sababu Ufaransa iliwalazimisha madereva wake kutumia mwanga huo hadi mwaka 1993. Sisemi turudi huko. Ninachosema ni kwamba weupe peke yake haujawahi kuwa kipimo cha kuona vizuri.

Zipo globu nyingine, zisizo na rangi au zenye mkanda mwembamba tu wa buluu, ambazo vikasha vyake huahidi mwanga zaidi kwa asilimia 50, 100 au hata 150. Hizi zikitoka kiwanda makini si uongo, ila asilimia hiyo hupimwa kwenye sehemu chache za mwanga zilizo mbali mbele ya gari, si kwenye mwanga wote. Kiwaya chake ni chembamba zaidi na kimekaa kwa usahihi zaidi, na kwa hiyo maisha yake ni mafupi. Kwa anayesafiri usiku mara kwa mara hadi Korogwe au Horohoro zinaweza kufaa; kwa gari la mizunguko ya mjini ni fedha inayoungua bure.

Globu za wati 100/90 ninazikataa bila kusita kwa gari la zamani. Kwa volti 12, globu mbili za wati 55 huvuta takriban ampea 9, na mbili za wati 90 huvuta ampea 15. Joto ndani ya waya huongezeka kwa mraba wa mkondo, kwa hiyo joto hilo linakuwa zaidi ya mara mbili na nusu ya lile la awali, tena katika nyaya zilizoanza kukakamaa na katika swichi ya usukani iliyokwishatumika miaka 25. Dalili ya kwanza huwa harufu ya plastiki iliyoungua ndani ya gari. Ya pili ni plagi iliyogeuka rangi ya kahawia na kumung'unyika mkononi.

Kuhusu LED, nakiri kwamba teknolojia yenyewe ni nzuri, na taa iliyobuniwa kiwandani kwa LED inashinda halojeni kwa mbali. Tatizo lipo katika kuichomeka LED kwenye nyumba iliyokunjwa kwa ajili ya kiwaya. Kiwaya hutoa mwanga pande zote kukizunguka. LED ni vibamba viwili bapa vinavyotazama kushoto na kulia, na kati yake kuna unene wa chuma kinachovibeba. Riflekta haikuhesabiwa kwa umbo hilo, na matokeo yake ni mwanga mkali sana mita chache mbele ya bampa, ambao humfurahisha dereva na kuyafanya macho yake yauzoee ukali huo, huku mbali kukiwa hafifu na anayekuja mbele akipofushwa. Feni na sinki la joto vilivyo kisogoni nazo huzuia kifuniko cha mpira kufunga, na kwa hewa yetu ya pwani huko ni kuukaribisha unyevu ndani ya taa. Ujerumani iliruhusu globu za namna hii kwa mara ya kwanza mwaka 2020, tena kwa bidhaa iliyopimwa na kwa magari yaliyotajwa moja baada ya jingine. Hiyo inaonyesha jinsi suala la nyumba ya taa lilivyo zito. Zenoni ya kuchomeka, yaani taa ya gesi isiyo na kiwaya, ni mbaya zaidi, kwa kuwa taa yake ya wati 35 hutoa karibu lumeni 3,000, mara tatu ya dimu ya H4, ndani ya nyumba isiyo na namna ya kuudhibiti wingi huo.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo, kwa uzoefu wangu, ndilo chanzo halisi cha malalamiko mengi ya taa hafifu. Gari langu ni Corolla 110 ya mwaka 1998. Mwaka juzi nilikuwa nimekwisha kubadilisha globu ya kushoto mara mbili ndani ya miezi mitano, na bado upande ule ulikuwa na rangi ya chai iliyochujuka. Fundi umeme mmoja mzee, ambaye hufanyia kazi chini ya mwarobaini huku Chumbageni, hakuigusa globu. Alivuta kifuniko cha mpira kidogo, akaniambia niwashe injini na dimu, kisha akachomeka ncha mbili za mita yake nyuma ya plagi, taa ikiwa inawaka. Kwenye betri ilisoma volti 14.2. Kwenye plagi ya kulia, 12.9. Kwenye plagi ya kushoto, 11.9.

"Mwanangu," akasema, "globu yako haina kosa. Ina njaa."

Hesabu inamuunga mkono kabisa. Mwanga wa halojeni hubadilika kwa kipeo cha takriban 3.4 cha volti, maana yake upungufu mdogo wa volti huleta upungufu mkubwa wa mwanga. Ikishuka kwa asilimia 5, mwanga hupungua kwa takriban asilimia 16; ikishuka kwa asilimia 10, mwanga hupungua kwa asilimia 30. Kwa volti 11.9, yaani asilimia 10 chini ya zile 13.2 za kipimo, globu yangu ilikuwa ikitoa asilimia 70 tu ya mwanga wake halali. Alipoichomoa plagi, meno yake ya shaba yalikuwa yameota unga wa kijani, na moja lilikuwa limelegea na kuungua ukingoni. Aliikata, akafunga plagi mpya, akasafisha nguzo za betri na kituo cha ethi (pale waya wa kurudisha umeme unapofungwa kwenye bodi) kwa msasa, akapaka grisi, na tulipopima tena tukapata 13.3. Kutoka 11.9 hadi 13.3 ni ongezeko la karibu nusu ya mwanga uliokuwepo, kwa globu ileile ya kawaida. Hakuna kikasha chochote dukani ambacho kingenipa kiasi hicho.

Anayetaka kupima mwenyewe azingatie mambo mawili. La kwanza ni kwamba kipimo hufanywa plagi ikiwa imechomekwa na taa inawaka, kwa sababu plagi iliyo wazi itasoma volti kamili hata kama waya umebakiwa na nyuzi mbili tu. La pili ni kwamba katika magari mengi ya Kijapani yenye H4, waya wa moto huingia kwenye mguu wa pamoja wa globu na swichi hufunga upande wa ethi, kinyume na wanavyotarajia mafundi waliozoea magari ya Ulaya. Kwa hiyo pima kati ya miguu miwili ya globu yenyewe, si kati ya mguu na bodi. Tofauti hiyohiyo ndiyo huwachanganya watu wanaofunga rilei, yaani swichi ndogo ya umeme inayoamriwa na swichi nyingine: seti iliyokusudiwa gari la Ulaya ikifungwa kwenye Toyota ya zamani bila kurekebishwa, taa zinaweza kugoma kuwaka. Rilei zikifungwa ipasavyo, kwa waya mnene unaotoka moja kwa moja kwenye betri kupitia fyuzi, swichi ya usukani hubaki na kazi ya kutoa amri tu, na hilo ndilo boresho ambalo ningelipia kabla ya globu yoyote ya gharama.

Ikiwa shida yako ni kinyume, yaani globu zinaungua kila baada ya wiki chache, tazama altaneta, mashine inayochaji betri. Volti ikizidi kwa asilimia 5, maisha ya globu hupungua kwa karibu nusu. Betri inayosoma volti 15 injini ikiwa inanguruma inaeleza kila kitu.

Upepo wa bahari, ambao hula plagi, hauiachi nyumba ya taa salama. Taa za kioo halisi hudumu, lakini magari mengi kuanzia miaka ya tisini yana kioo cha plastiki, na jua hukifanya kiwe cha manjano na chenye ukungu, hivyo mwanga hutawanyika kabla haujatoka. Kusugua kwa dawa ya meno huleta nafuu ya siku chache. Kinachofaa ni msasa wa maji, kuanzia namba 1000, kisha 2000, kisha 3000, halafu polishi, halafu rangi angavu inayozuia miale ya jua. Bila hiyo ya mwisho umanjano hurudi upesi. Riflekta ni suala jingine. Ngozi yake ya alumini ni nyembamba mno, na kitambaa kikavu kinatosha kuibandua. Ikiwa imekwisha kuwa na madoa meusi au kumenyuka, hakuna globu itakayosaidia, na dawa ni kubadilisha taa nzima.

Unapotafuta taa hiyo, tazama imetoka wapi. Taa ya mtumba kutoka Japani inafaa, kwa kuwa Wajapani wanaendesha kushoto kama sisi. Taa ya gari la nchi wanakoendesha kulia huinua mwanga wa dimu upande wa kulia, ambako kwetu ndiko magari yanakotokea. Kwenye taa zenye alama ya E unaweza kusoma jambo hili: ya kuendesha kushoto huwa na mshale mlalo unaoelekea kulia kwako unapoitazama taa ana kwa ana, na ya nchi zote mbili huwa na mshale wenye ncha pande zote. Wenye Land Rover na Land Cruiser za zamani zenye taa ya duara ya inchi 7 iliyozibwa, ambayo ikiungua hutupwa nzima, wana nafasi nzuri ya kuweka taa ya kioo ya ukubwa huohuo inayopokea H4, kisha wakaendelea kubadilisha globu peke yake.

Globu hubadilishwa mbili kwa pamoja, kwa kuwa ile iliyobaki nayo imekwisha kuchoka. Usiguse kioo chake kwa vidole. Kioo hicho cha kwatzi hufikia joto la mamia ya nyuzi, na mafuta ya ngozi huacha doa linalochemka kuliko sehemu nyingine na kukidhoofisha. Ukikosea, futa kwa kitambaa safi chenye spiriti kabla ya kuwasha. Kisha lenga taa. Simamisha gari mahali tambarare, matairi yakiwa na upepo sawasawa na mtu akiwa kwenye kiti cha dereva, mita 10 kutoka ukutani. Pima kimo cha katikati ya taa kutoka chini, weka alama ya chaki ukutani kwa kimo hicho, na uzungushe skrubu ya kurekebishia mpaka mstari wa dimu ukae takriban sentimita 10 chini ya alama. Kazi hii huchukua robo saa, na bila hiyo hata globu bora kuliko zote inaweza kumulika matawi ya miembe.

Globu ya zamani ambayo bado inawaka usiitupe. Ifunge kwa karatasi safi na uiweke kwenye droo ya dashibodi pamoja na kitambaa na bisibisi, kwa sababu globu ikizimika saa nane usiku kati ya Hale na Segera, maduka ya spea yatakuwa yamefungwa.